Pijo 504 na Barabara za Leo

Leo nitakaa na gari moja tu: Peugeot 504. Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote siku hizi linatoka kwa mtu aliyerithi Pijo ya marehemu babake, au aliyeona moja ikiuzwa kwa bei ya chuma chakavu huko Nyeri au Nakuru akashindwa kujizuia. Gari liko uani. Linawaka likitaka. Naye anauliza: nitie injini ya Toyota? Nifunge rimu pana? Nibadilishe taa ziwe zile nyeupe kali?

Jibu langu ni kwamba usitie kitu bado. Anza kwa kutoa.

Gari lenye umri wa miaka 40 au 45 limepita mikononi mwa mafundi wengi, na kila mmoja ameacha alama yake. Mmoja alikata waya akauunga kwa tepu. Mwingine aling'oa thamostati akaitupa, akaapa kwamba sasa gari litapoa. Wa tatu aliifunga feni kwa boliti ili izunguke wakati wote. Kila rekebisho lilimfikisha mtu nyumbani siku ile, na hapo sina ubishi. Lakini shida nyingi ninazoonyeshwa na kuambiwa ni za uzee si za uzee hata kidogo. Ni marekebisho ya njiani yaliyogeuka kuwa ya kudumu. Ukiongeza kitu kipya juu yake, hutajua tena kosa ni la nani.

Tukumbushane kidogo gari hili lilikuwa nini. Lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata likachaguliwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Hapa kwetu jina lilikuwa limeshatengenezwa na kaka yake, 404, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. 504 ikachukua kijiti: mwaka 1975 Ove Andersson akashinda nayo, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile ya milango miwili yenye injini ya V6. 504 zikaunganishwa Mombasa, na pikapu zake ziliendelea kutoka kiwandani pale hadi mwaka 2004. Wale wa rika langu wanaikumbuka zaidi ile ndefu, ya safu tatu za viti, iliyobeba abiria kati ya Nairobi, Nakuru na Kisumu, kuku wamefungwa juu ya kibebeo na mtu wa mwisho amekaa nusu ya kiti.

Gari hilo lilijengwa kwa barabara mbovu. Springi zake ni ndefu na laini, tumbo liko juu, na kila kitu kinafikiwa kwa spana. Barabara mbovu Pijo iliziweza. Barabara nzuri ndizo zinazoishinda. Thika Road ilipofunguliwa mwaka 2012 ikiwa na njia nane, na barabara ya juu ya Nairobi kutoka Mlolongo hadi Westlands ilipofunguliwa mwaka 2022, dereva wa Pijo alijikuta katikati ya magari yanayokwenda kasi moja bila kupungua, yanayosimama ghafla kwa breki zenye kompyuta, kisha yote kwa pamoja yanakwama kwenye foleni saa nzima jua likiwa utosini. Kwa hiyo ukitaka kujua uboreshe nini, jiulize barabara imebadilika wapi. Imebadilika kwenye kusimama, kwenye kuona na kuonekana, na kwenye kukaa foleni bila kuchemka. Nguvu za injini, msikilizaji, ziko mbali sana kwenye orodha hiyo.

Tuanze na kuchemka, maana ndiko Pijo nyingi zinakotiwa aibu.

Wengi hawajui kwamba feni ya 504 nyingi haikukusudiwa kuzunguka muda wote. Inaendeshwa na mkanda, lakini katikati yake kuna sumaku ya umeme. Injini ikiwa baridi, feni inaelea tu. Maji yakipata moto, swichi iliyoko kwenye rejeta inapeleka umeme kwenye sumaku kupitia kaboni ndogo inayosugua nyuma ya puli, sumaku inakamata, feni inaanza kuvuta hewa kwa nguvu. Ni kitu cha akili sana kwa miaka ile: kilipunguza kelele na kuokoa petroli. Kaboni ile huisha kama kaboni za stata zinavyoisha. Ikiisha, feni haikamati, gari linachemka kwenye foleni ya Waiyaki Way, na fundi wa kwanza anayefika anaifunga kwa boliti.

Kabla ya kufunga chochote, fanya jaribio hili. Injini ikiwa imepata moto na inanguruma, chukua kipande cha waya kutoka kwenye chanya ya betri, ukiguse kwenye terminali ya kaboni ile. Weka mikono na nguo mbali na mkanda, tafadhali. Feni ikikamata ukaisikia ikivuma, ujue sumaku na kaboni ni nzima na mwenye kosa ni swichi ya rejeta au waya wake. Isipokamata, tazama kaboni. Umemaliza uchunguzi, na hujanunua kitu.

Halafu thamostati. Nawaomba mafundi wetu radhi, lakini hii tabia ya kuitoa lazima tuiache. Injini isiyo na thamostati inatembea asubuhi nzima ikiwa baridi kupita kiasi. Petroli inayoingia haiungui yote, sehemu yake inaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi zinaisha kabla ya wakati. Kama gari linachemka likiwa na thamostati na halichemki bila hiyo, thamostati ile imekufa, nunua nyingine. Kama linachemka hata bila hiyo, rejeta imeziba au pampu ya maji imechoka.

Na kifuniko cha rejeta usikidharau. Maji huchemka kwa nyuzi 100 ukiwa Mombasa, kando ya bahari. Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95. Ukipanda hadi Timboroa, juu ya mita 2,700, yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi, na injini yako inafanya kazi karibu na hapo hapo. Kinachoyazuia yasichemke ni shinikizo linaloshikwa na kifuniko kile. Mpira wake ukikauka, shinikizo linatoroka, na unaweza kubadilisha rejeta nzima bila kupata nafuu kumbe tatizo lilikuwa kifuniko cha bei ya chakula cha mchana.

Maji yenyewe nayo yana habari yake. Bloku ya 504 ni chuma cha kusubu, hedi ni aluminiamu, na silinda ni laina zinazochomekwa ndani ya bloku huku maji yakizizunguka moja kwa moja. Ukijaza maji matupu ya bomba au ya kisima mwaka baada ya mwaka, chuma kinapata kutu, aluminiamu inaliwa, na uchafu wote unashuka na kutulia chini ya laina, ambako maji hayapiti kwa kasi. Jaza kuulanti halali iliyochanganywa na maji safi, hata kama huku kwetu hakuna barafu. Kazi yake kubwa hapa ni kuzuia kutu.

Kwa kuwa nimezitaja laina, nikupeleke kwenye gereji moja ya Kariobangi. Kijana alikuwa ameshatoa hedi ya Pijo, gasketi imeungua, na anataka kuona pistoni ya tatu iko hali gani. Akashika spana kuzungusha injini. Mzee mmoja aliyezishika Pijo tangu siku za 404 alikuwa amekaa kwenye debe kando, akanyanyuka kwa wepesi ambao sikuutarajia.

"Wacha, wacha! Hizo laina hazijabanwa."

"Nazungusha kidogo tu, mzee."

"Hiyo kidogo ndiyo inayoingiza maji kwenye oili, kijana wangu."

Akatafuta boliti mbili na washa pana, akazikaza ukingoni ili zizikandamize laina kwenye bloku, ndipo akamruhusu azungushe. Sababu yake ni hii: laina haijafungwa na chochote isipokuwa hedi inayoikalia juu. Hedi ikitoka, pistoni ikipanda inaivuta laina nayo, hata kwa unywele tu. Muhuri ulioko chini unaachia, uchafu unaingia, na laina ikirudi haikai tena kama ilivyokuwa. Unafunga kila kitu vizuri, gasketi mpya, gari linawaka, unashangilia. Wiki ya pili unachomoa kijiti cha oili unakuta rangi ya chai ya maziwa. Hapo injini inarudi mezani yote. Kitu kingine ambacho mzee yule alikipima kwa rula ya chuma ni kwamba laina lazima zichomoze juu ya bloku kidogo sana, zote nne sawasawa, ili hedi izibane. Fundi asiyejua hili anapiga msasa kila kitu kikawa bapa, na gasketi haimalizi mwezi.

Sasa, kama sumaku ya feni imekufa kabisa na huipati, kufunga feni ya umeme ni uboreshaji halali. Mimi mwenyewe naukubali kwa gari linalokaa foleni kila siku. Lakini elewa mnyororo unaoanzisha. Feni ya umeme hula ampea 10 hadi 20. Alternata ya zamani ilitengenezwa kulisha taa, waipa na redio moja, na kwenye foleni injini inazunguka polepole, alternata inatoa kidogo kabisa, wakati huo huo feni inataka zaidi na wewe umewasha taa. Betri inamalizika ukiwa unaendesha. Kwa hiyo feni inadai alternata kubwa zaidi, alternata inadai waya mnene kutoka kwayo hadi betrini, na vyote vinadai rilei na fyuzi zake. Fundi akikuambia atafunga feni peke yake kwa nusu saa, akaivutia umeme kwenye waya wa karibu, mshukuru uondoke.

Hapo tumeshaingia kwenye umeme, na umeme wa gari la zamani una ugonjwa mmoja mkuu: athi. Ule waya mnene unaotoka kwenye hasi ya betri kwenda kwenye bodi, na ule unaounganisha injini na bodi, zikipata kutu, kila kitu kinalalamika kwa wakati mmoja. Taa zinafifia ukiweka indiketa, geji ya joto inapanda ukiwasha taa, stata inavuta kivivu. Watu wananunua betri mpya. Fungua, kwangua hadi chuma king'ae, paka grisi kidogo, kaza. Kazi ya asubuhi moja.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye taa za mbele. Kwa jinsi magari ya enzi ile yalivyofungwa nyaya, umeme wote wa taa hupita kwenye swichi ya usukani na kurudi mbele kwa waya mwembamba uliochoka. Washa injini, washa taa, chukua mita. Pima betrini, kisha pima nyuma ya taa yenyewe. Si ajabu kukuta 13.8 betrini na 11 na ushei kwenye taa. Hiyo tofauti inaonekana ndogo lakini taa ya waya ndani ya glasi haina huruma: volti zikipungua asilimia 10, mwanga unapungua karibu asilimia 30. Ndiyo maana unaendesha usiku kutoka Naivasha ukiwa umekunja uso.

Dawa ni rilei mbili, moja ya taa ndefu na moja ya taa fupi, zikichukua umeme moja kwa moja betrini kwa waya mnene wenye fyuzi. Swichi ya zamani inabaki na kazi ya kuziamrisha rilei tu. Ni uboreshaji wa bei ndogo kuliko wote nitakaoutaja leo, na hauonekani kwa nje. Taa za halojeni za kawaida, zikipata volti zake kamili, zinatosha. Zile balbu nyeupe za LED zinazouzwa barabarani uzichomeke kwenye kioo cha zamani, mimi sizikubali. Kioo kile kilichongwa kufuata waya mdogo ulioko mahali maalumu ndani ya balbu. Ukiweka kitu kinachotoa mwanga mahali pengine, unautawanya kwenye macho ya anayekuja, na barabara yako inabaki na giza lile lile.

Ukiwa bado na waya mkononi, ongeza taa ya tatu ya breki kwenye kioo cha nyuma. Anayekufuata leo yuko juu zaidi, yuko karibu zaidi, na pengine jicho moja liko kwenye simu.

Breki sasa. Hapa nitakaa.

504 nyingi za mwanzo zilikuwa na diski magurudumu yote manne, nyingine na pikapu zina dramu nyuma, na zote mbili zikiwa nzima zinasimamisha gari vizuri kuliko watu wanavyodhani. Tatizo ni kwamba hazijawa nzima kwa miaka. Anza na busta. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, iendelee kuwa chini ya mguu wako, kisha washa injini. Pedali lazima ishuke kidogo. Isiposhuka, busta haivuti: tazama mpira wake unaokwenda kwenye injini kabla ya kuilaumu yenyewe. Pedali ikishuka polepole ukiwa umesimama kwenye taa za barabarani na hakuna mafuta yanayovuja, masta silinda inapitisha ndani.

Mdanganyifu mkubwa ni mipira ya breki, ile inayounganisha bomba na gurudumu. Mpira ukizeeka huvimba kwa ndani wakati nje unang'aa. Ukikanyaga, mafuta yanapita kwa sababu mguu una nguvu. Ukiachia, hayarudi. Gurudumu linabaki limeshikwa kidogo, gari linavuta upande, petroli inaisha haraka, na padi za upande mmoja zinakwisha peke yake. Baada ya safari ya kawaida, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Yenye joto zaidi ndiyo mshukiwa. Inua gurudumu hilo, na likiwa bado limeshikwa fungua skrubu ya kutolea upepo. Likiachia mara moja, kosa liko kwenye mpira. Lisipoachia, pistoni ya breki imekwama kwa kutu. Kwa gari lililokaa miaka, badilisha mipira yote bila kujadiliana.

Na mafuta ya breki yanakunywa unyevu kutoka hewani, hata gari likiwa limeegeshwa. Mafuta mapya ya DOT 4 hayachemki mpaka angalau nyuzi 230. Yakishalowa yanaweza kuchemka kwenye 155. Ya DOT 3 ni 205 na 140. Sasa shuka na Pijo yenye watu sita na mizigo kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, upite kile kikanisa kidogo kilichojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano mwaka 1942, mguu uko kwenye breki muda wote kwa sababu lori liko mbele. Mafuta yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke unabanika. Pedali inakwenda hadi sakafuni bila kitu. Madereva wa zamani walishuka pale kwa gia ya tatu au ya pili, mkono kwenye kile kijiti cha gia kilichoko usukanini, injini ikilia. Fanya hivyo bado. Na badilisha mafuta kila baada ya miaka miwili.

Tairi nitazipitia upesi. Rimu ni za inchi 14, na saizi hizo bado zipo kwa sababu magari madogo ya mizigo yanazitumia. Soma namba nne za mwisho kwenye alama ya DOT ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la kukaa uani linaweza kuwa na tairi zenye meno marefu kabisa na umri wa kupata kitambulisho. Zitupe.

Injini inayozima barabarani ikiwa moto, ikikaa nusu saa inawaka, imewafilisi watu wengi kwa kununua kabureta. Ikizima, fungua bomba la hewa, chungulia ndani ya kabureta, sukuma kamba ya mafuta kwa mkono. Ukiona petroli ikirushwa kama uzi, petroli ipo, acha kabureta. Mshukiwa ni koili au kondensa, vitu ambavyo hufa vikipata joto na hufufuka vikipoa. Hapa nashauri uboreshe: funga mfumo wa elektroniki badala ya pointi na kondensa. Vile vya siku hizi vinakaa ndani ya distribyuta, kifuniko kikirudi hakuna anayejua. Gari linawaka asubuhi kwa mguso mmoja. Zile pointi za zamani ziweke kwenye kisanduku cha dashibodi pamoja na bisibisi, maana kifaa cha elektroniki kikifa kimekufa, na pointi unaweza kuzirudisha kando ya barabara.

Kuna hofu ya petroli isiyo na risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha petroli ya risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, na tangu hapo watu wanauziwa vichupa vya kuchanganya kwenye tangi. Hedi ya 504 ni aluminiamu, na aluminiamu ni laini mno kupigwa na vali, hivyo viti vya vali ni vya madini magumu vilivyopachikwa tangu kiwandani. Gari hili halina hatari kubwa hapo kwa mwendo wa kawaida. Siku hedi itakapotoka kwa sababu nyingine, mwambie mtu wa mashine akague viti na kuweka vipya vigumu. Pesa ya vichupa nunulia mipira mipya ya petroli, maana ya zamani hupasuka juu ya injini ya moto, na kizimamoto kidogo ukiweke chini ya kiti.

Sasa lile swali la injini ya Toyota. Nimeshaziona Pijo zenye injini za Toyota, na nyingine zinatembea. Kama injini ya asili imepasuka bloku na gari ndilo linalokulisha, sitakuhukumu. Lakini ujue unachokigusa. Kwenye Pijo nyingi propela inapita ndani ya bomba la chuma linalounganisha giaboksi na difu, na kwenye zile za safu tatu bomba hilo ndilo linalopokea msukumo wa magurudumu ya nyuma. Ukibadilisha injini na giaboksi, umevunja mfumo huo, na fundi atalazimika kubuni mwingine kwa mashine ya kuchomelea. Halafu namba ya injini iko kwenye logbook. Ukiibadilisha lazima gari likaguliwe na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na kumbukumbu zirekebishwe, la sivyo siku ya ajali bima itakuwa na la kusema. Kinachosumbua wengi si nguvu, ni kelele: gia nne tu, na ukifika 100 injini inalia. Giaboksi ya gia tano ya Peugeot 505, gari lililoifuata mwaka 1979, inabaki ndani ya ukoo na ndiyo ningeitafuta kwanza, mradi bomba na propela vipimwe kabla pesa haijatoka mfukoni. Au nenda 85. Pijo kwa 85 inakaa barabarani vizuri sana, na matatu kisheria hairuhusiwi kuzidi 80.

Mikanda ya usalama ya viti vya nyuma ifungwe mahali penye chuma kilichokazwa maradufu, si kwenye bati la sakafu. Na kama gari limeishi Pwani, zunguka nalo na sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa: isiposhika, chini ya rangi kuna fila, na chini ya fila kuna kutu. Bati zima ni muhimu kuliko injini nzima, kwa sababu injini inanunulika.

Vipuri bado vipo, msikilizaji. Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, utapata vingi, na kwa sababu magari yaliyotumika yanayozidi miaka 8 hayaruhusiwi kuingizwa nchini, Pijo zilizopo ndizo zilizopo. Kila inayokatwakatwa kwa chuma chakavu inaacha milango, vioo na giaboksi kwa wenzake. Mafundi ndio wanaopungua. Yule mzee wa kwenye debe hana mwanafunzi aliyemwandikisha, na kijana aliyekuwa akizungusha injini anapenda zaidi magari ya kuchomeka kompyuta, jambo ninalolielewa, kwa sababu ndilo lenye wateja.

Kwa hiyo wewe mwenye Pijo iliyofunikwa turubai nyuma ya nyumba, Jumamosi hii ifunue. Usiiwashe. Soma tarehe za tairi, nusa mafuta ya breki na utazame rangi yake, chomoa kijiti cha oili, kwangua athi. Ukiita fundi, mtafute mzee, mlipe kwa siku nzima, na uje na mtoto wako au kijana wa jirani asimame kando yake ashike taa.